Je, kuchanganya tanzu katika filamu moja kunaongeza watazamaji au kunawapoteza?

Mtunzi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Habari za leo, wanajukwaa. Ninaomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limetugawa sisi wenyewe tulioitengeneza filamu yetu ya kwanza ndefu, tuliyoipiga hapa Mbeya mjini na katika vijiji vya Rungwe. Kisa kinamhusu kijana anayeendesha lori la ndizi, ambaye anampenda binti wa familia yenye mashamba ya chai. Nusu ya kwanza ni mapenzi na vichekesho, hasa kupitia mjomba wa kijana huyo, mtu asiyeweza kutunza siri hata ya dakika tano. Katikati ya filamu kijana anafariki ghafla, na tangu hapo hadithi inakuwa ya kutisha, kwa kuwa binti anaanza kumwona marehemu barabarani nyakati za ukungu, na familia yake inaonekana kujua zaidi ya inavyosema.

Kabla ya kukamilisha uhariri tuliionyesha kwa makundi mawili. Wanafunzi wa chuo waliusifia mgeuko wa katikati na wakataka kuujadili hadi usiku. Watazamaji wa kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, hapa Mwanjelwa walicheka sana sehemu ya kwanza, wakaendelea kucheka hata pale tulipotaka waogope, na kijana alipokufa baadhi yao walisimama wakisema kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, akishakufa picha imekwisha. Mfadhili wetu sasa anataka tuchague upande mmoja, ama mapenzi ama kutisha, kwa hoja kwamba mtu asiyeweza kumweleza jirani yake ni filamu ya aina gani hataweza kumshawishi akaione.

Ninauliza mambo mawili. Je, utanzu wa filamu huamuliwa na mtunzi au na mtazamaji? Na kama watazamaji wetu hawapendi mchanganyiko, mbona filamu za nje zinazochanganya kila kitu zimependwa hapa kwa miaka yote hii?

Mzee wa Banda (Makambako)

Hongera kwa kazi, mwanangu. Nimeendesha banda la video hapa Makambako kwa miaka mingi, na kwa kuwa mji wetu uko pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na njia ya Iringa na Mbeya, wateja wangu ni madereva wa malori, wafanyabiashara wa viazi na mbao, na vijana wa mtaani. Wote kabla ya kulipa huuliza maswali mawili: ni picha la nini, na steringi ni nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo ninayoyaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje. Huandika "ngumi", "vita", "Kihindi", "Kinaijeria", "Kikorea". Ukiyatazama vizuri maneno hayo utaona kwamba mengi ni majina ya nchi, wala hayataji aina ya kisa. Hata hivyo mteja anayesoma "Kihindi" anajua kabisa anachokinunua: mapenzi yanayozuiwa na wazazi, nyimbo, mama anayelia, mtu wa kuchekesha, na ngumi za mwishoni ambazo haki inarudi kwa mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu akidai fedha yake kwa sababu filamu ya Kihindi imechanganya mambo. Kwa hiyo mfadhili wako yuko sahihi anaposema kwamba mtazamaji lazima ajue anaangalia nini, lakini anakosea anapodhani kwamba kujua huko kunahitaji kitu kimoja kisichochanganywa. Mchanganyiko ukishapata jina unalouzika nalo, watu wanaununua.

Jambo la pili linahusu kicheko. Wengi humu mnawakumbuka wafasiri wa filamu kama Lufufu, waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Mfasiri mzuri alikuwa na uwezo wa kuichukua filamu nzito ya vita, akawapa askari majina ya mitaani, akatia maneno yake kati ya risasi na risasi, na ukumbi mzima ukacheka mpaka mwisho huku ukiendelea kumhurumia anayekufa. Filamu iliyotoka kwao ikiwa ya vita, bandani iligeuka kuwa ya vita na vichekesho. Watazamaji waliolelewa hivyo hucheka kwa sababu nyingi, na mojawapo ni woga, kwa maana mtu aliyeshtuka mbele ya wenzake hukimbilia kucheka ili asionekane ameshtuka. Usihesabu kila kicheko cha Mwanjelwa kuwa ni dharau. Kaa siku moja upande wa mbele, uangalie nyuso zao badala ya kuangalia pazia.

Mchanganyiko kwetu haukuanza na filamu za leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili ambazo Rashidi Kawawa, mtu wa Songea aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu. Muhogo Mchungu ni mojawapo, nayo ilimchekesha mtazamaji kwa mshamba aliyefika mjini, huku ikimfundisha tahadhari za mjini. Wazee wetu walipokea vicheko na mafunzo kwa pamoja bila kuuliza kimoja kinaishia wapi.

Kuhusu steringi kufa katikati, hapo mwanangu una kazi. Hilo kwa wateja wangu ni sawa na kuvunja makubaliano.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Ninamshukuru Mzee wa Banda, kwani ameeleza kwa uzoefu kile ambacho darasani tunakieleza kwa mzunguko mrefu. Nitajibu swali la kwanza la Mtunzi, kisha nirudi kwenye kifo cha steringi, ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha tatizo.

Utanzu una wenyewe zaidi ya mmoja. Mtayarishaji huutumia kupanga gharama na matangazo, mtunzi huutumia kujua mtazamaji atategemea nini dakika ya kumi na nini dakika ya themanini, lakini jina lenyewe mara nyingi hukomazwa na wanaotazama, tena wakati mwingine wanaotazama wakiwa mbali sana na mahali filamu ilipotengenezwa. Mfano ulio wazi ni wa mwaka 1946 mjini Paris. Wakati wa vita Wafaransa hawakuziona filamu mpya za Marekani. Vita vilipokwisha zikaingia nyingi kwa wakati mmoja, na mhakiki Nino Frank, akizitazama zikiwa zimekaribiana hivyo, akaona zinafanana kwa giza, usaliti na watu wasio na njia ya kutoka, akaziita filamu nyeusi. Hollywood ilikuwa imeziuza kama visa vya uhalifu au melodrama. Waliozitengeneza hawakujua kwamba walikuwa ndani ya utanzu huo, mpaka walipoambiwa na watazamaji wa nchi nyingine. Ubao wa chaki wa Makambako unafanya kazi ileile, na sioni sababu ya kuuheshimu kidogo zaidi.

Kuhusu mchanganyiko, tunapaswa kuwa waangalifu na fikra kwamba kwanza kulikuwa na tanzu safi, kisha watu wakaja kuzichanganya. Nadharia ya kale ya Kihindi ya sanaa za jukwaani, iliyoandikwa katika Natyashastra, inahesabu ladha nane za hisia, zikiwemo mapenzi, kicheko, huruma, ghadhabu na hofu, na inatarajia kwamba kazi moja itakuwa na ladha kadhaa, mradi moja iwe kuu na nyingine ziitumikie. Ngano zetu pia zimekuwa hivyo siku zote: bibi anayesimulia kisa cha zimwi huweka wimbo katikati, watoto wanaitikia, wanacheka, kisha zimwi linarudi na hakuna anayethubutu kwenda nje. Mtazamaji wa Mbeya au Iringa hahitaji kufundishwa mchanganyiko. Anauhitaji uwe na ladha kuu anayoweza kuishika tangu mwanzo.

Sholay, filamu ya Kihindi iliyotolewa Agosti 1975, ni kipimo kizuri cha hoja ya mfadhili. Ndani yake mna majambazi wapanda farasi waliofanana na wale wa filamu za magharibi mwa Marekani, urafiki, mapenzi mawili tofauti, nyimbo, vichekesho vya gerezani na kisasi kizito. Mwanzoni mahudhurio hayakuridhisha na baadhi ya wahakiki waliiponda, lakini waliokwisha kuiona waliwaeleza wengine, na sifa hizo za mdomo ziliiinua mpaka ikaonyeshwa kwa miaka mitano katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay. Kwa hiyo jirani alielezwa, na alielewa. Zaidi ya hayo, Jai, mmoja wa wahusika wake wawili wakuu, anakufa. Watazamaji wa Kitanzania wanaosema steringi hafi wamekilia kifo hicho na bado wakabaki kwenye viti vyao. Walibaki kwa sababu Veeru, rafiki yake na mhusika mkuu wa pili, yupo: wamemfuata tangu dakika za mwanzo, maumivu yake wanayaelewa, na sasa wanataka kumwona akifika kwa adui.

Mwongozaji Hitchcock alifanya jambo gumu zaidi katika filamu yake Psycho mwaka 1960, kwa sababu alimuua Janet Leigh, mwigizaji mwenye jina kubwa, kabla filamu haijafika nusu, na kisa cha mwanamke aliyeiba fedha kikageuka kuwa cha mauaji. Alijua hatari yake, ndiyo maana alisisitiza kwamba mtu asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza. Hata yeye hakumwacha mtazamaji bila mtu wa kumfuata: dada wa marehemu anaingia na kuuliza swali lile ambalo ukumbi mzima unajiuliza.

Sasa Mtunzi, nijibu kwa dhati: katika nusu ya kwanza ya filamu yako, binti ana jambo gani analolitaka yeye mwenyewe, mbali na kupendwa? Kama hana, basi waliosimama Mwanjelwa hawakuukimbia mchanganyiko wa tanzu. Walikuwa na mtu mmoja tu wa kumfuata, nawe ukawaondolea.

Lipo pia suala la matangazo, ambalo watengenezaji wetu hulidharau. Mwaka 2011 mtazamaji mmoja wa Michigan nchini Marekani alifungua kesi kwa sababu trela ya filamu Drive ilimfanya atarajie mbio za magari, naye akakuta filamu ya polepole yenye magari machache. Mahakama haikumpa ushindi, lakini malalamiko yake yanaonyesha kwamba trela na bango ndiyo mahali ambapo ahadi hutolewa, na mtu huja kuipima filamu kwa ahadi hiyo hata kama filamu yenyewe ni nzuri.

Duka la Flashi (Njombe)

Nitasema kwa ufupi kwa upande wa wanaouza. Mteja anayekuja kujaziwa filamu kwenye flashi haniambii jina la filamu. Ananiambia anataka "kama ile ya juzi". Hapo utanzu unakuwa kumbukumbu yake, na kazi yangu ni kukisia ni kitu gani katika ile ya juzi kilichomfurahisha, kwa maana watu wawili waliopenda filamu moja wanaweza kuwa wamependa vitu viwili tofauti. Netflix nayo inafanya hivyo kwa kompyuta: mwandishi mmoja wa Marekani aliyechunguza mfumo wao mwaka 2014 alikuta aina 76,897 za filamu na tamthilia. Mimi nina mafaili machache, na filamu ya mchanganyiko naiweka katika mafaili mawili. Inatoka zaidi kuliko ya faili moja, lakini wanaoichukua kwenye faili la kutisha ndio wanaorudi kulalamika iwapo woga umechelewa. Wa mapenzi ni wavumilivu zaidi.

Mama wa Tukuyu (Rungwe)

Ninaheshimu maelezo ya Mwalimu, lakini naona yameruka jambo moja ambalo huku kwetu ni kubwa. Mnazungumza kana kwamba watazamaji wote wanakubaliana kwamba kisa cha marehemu kuonekana barabarani ni cha kubuni. Kwa mtu wa nyumbani kwangu, aliyekua akisikia habari za wafu wanaorudi, filamu hiyo iko karibu na taarifa kuliko ndoto. Mussa Banzi alilitambua hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipotengeneza filamu ya kutisha ya Nsyuka, ambayo jina lake linatokana na imani za Wanyakyusa kuhusu wafu, na baadaye akatengeneza Shumileta, ambamo jini wa kike anampenda binadamu, kwa hiyo mapenzi na hofu vikawa katika kisa kimoja. Hakuhitaji kueleza hofu ile inatoka wapi, kwa sababu mtazamaji alikuja nayo kutoka nyumbani.

Tena kuna wanaozitazama filamu za namna hiyo kama mafunzo ya dini. Filamu za Kinaijeria zenye waganga na utajiri wa damu, ambazo tangu Living in Bondage ya mwaka 1992 zimechanganya mkasa wa familia, hofu na wokovu, hutazamwa na baadhi ya waumini wenzangu kama ushuhuda, na baada ya kutazama watu huzungumzia mahubiri, hawazungumzii uigizaji. Filamu hiyohiyo kwa mwanafunzi wa chuo ni ya kutisha, kwa kijana wa banda ni ya kuchekesha kwa sababu ya vipodozi vya mzimu, na kwa mama wa kanisani ni onyo. Tanzu tatu kwa wakati mmoja, wala mtunzi hakubadilisha hata picha moja. Ndiyo maana siamini kwamba Mtunzi anaweza kuuamua utanzu akiwa kwenye meza ya uhariri peke yake. Anachoweza kufanya ni kuamua anaomba hofu ya nani, na kumtendea mtu huyo kwa heshima, maana imani ya mtu haifai kutumiwa kumshtua tu kisha ikaachwa.

Kuna pia suala la nani ameketi na nani. Nyumbani televisheni ni moja, na mbele yake wako bibi, wakwe, watoto na mgeni aliyekuja kuaga. Filamu mseto ina faida kubwa hapo, kwa sababu kila mmoja anapata chake: watoto wanamsubiri mjomba mchekeshaji, wasichana wanasubiri mapenzi, na bibi anasubiri kuona mwovu akiumbuliwa. Lakini onyesho moja la mapenzi lililozidi kiasi linamfanya baba mkwe asimame atoke, na akitoka yeye filamu imezimwa. Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri wa watazamaji, ila sebuleni kwetu kipimo ni aibu ya kutazamana baada ya onyesho. Ningemshauri Mtunzi apime mchanganyiko wake kwa familia moja iliyoketi pamoja, kwa sababu makundi yote mawili aliyoyachagua ni ya watu wa rika linalokaribiana.

Mtunzi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Shikamoo Mzee, shikamoo Mama, na Mwalimu nakushukuru kwa swali ulilonirudishia. Tumeirudia nusu ya kwanza tukiwa na swali hilo mkononi. Binti ana jambo analolitaka: anataka kujua ni kwa nini dada yake mkubwa aliondoka nyumbani na jina lake halitajwi. Jambo hilo lipo kwenye mswada, lakini katika uhariri tulilipunguza ili mapenzi yaende haraka, kwa hiyo maonyesho yapo na yanaweza kurejeshwa. Mama wa Tukuyu, nimekuelewa kuhusu hofu ya nani. Familia moja ya Tukuyu imekubali kuitazama filamu ikiwa pamoja, babu akiwemo.

Bado nina shaka juu ya mjomba. Mfadhili anasema kicheko chake ndicho kilichowazoesha watu kucheka hadi wakacheka na mzimu. Je, tumnyamazishe baada ya kifo?

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Usimnyamazishe, bali mwondoe kwenye nyumba ya hofu. Itazame Get Out ya Jordan Peele ya mwaka 2017, ambayo ilichanganya hofu, kejeli na suala zito la ubaguzi, na kwa gharama ya takriban dola milioni 4.5 ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Waandaaji wa tuzo za Golden Globe waliipanga kwenye kundi la vichekesho na muziki, watu wengi wakapinga, na Peele mwenyewe akajibu kwamba ni filamu ya hali halisi. Ubishi huo ulizuka kwa sababu vicheko vilikuwemo kweli, lakini ona vimewekwa wapi. Rafiki mchekeshaji yuko mjini, mbali na nyumba ambamo mhusika mkuu yuko hatarini, na kwa sehemu kubwa tunamsikia kwa simu. Kila anapochekesha tunapumua, kisha tunakumbuka kwamba aliye ndani ya nyumba hana anayepumua naye, na hofu inaongezeka. Zaidi ya hayo, yeye ndiye wa kwanza kushuku ukweli, kwa hiyo maneno tuliyoyacheka yanageuka kuwa onyo. Mjomba wako asiyetunza siri anafaa sana kwa kazi hiyo. Mpe siri ya dada aliyeondoka, aitoe kwa mzaha katika nusu ya kwanza, watu wacheke, na binti peke yake asicheke.

Mzee wa Banda (Makambako)

Hapo Mwalimu umesema. Nami niongeze la trela, kwa kuwa ndilo tunaloweza kulipima bila gharama. Mwanangu, ukimaliza uhariri nitumie trela tupu, bila filamu, na bila kuniambia chochote juu ya kisa. Nitaionyesha kabla ya picha la jioni, kisha nitawauliza wateja maswali yao wenyewe, kwamba ni picha la nini na steringi ni nani. Wakijibu "mapenzi" na kumtaja kijana wa lori, trela hiyo irudishe ikakatwe upya, kwa maana watakuja wakimfuata mtu atakayekufa. Wakimtaja binti, na wakakosana wao kwa wao kama ni ya mapenzi au ya kutisha, basi niletee filamu yenyewe, na ubaoni nitaandika "mapenzi ya kutisha, ya hapa hapa Mbeya".